Kunguru Mwenye Uso Mweupe

Jumapili. Jua limewaka tangu asubuhi, lakini ni la kudanganya. Upepo wa Machi ulikuwa unakata masikio.

Leo mimi na Okello tulikwenda kuangalia kunguru, kwa gari lake, yeye akiendesha. Ndiyo, cheka tu. Dar tuliwafukuza kwa mawe, huku tunachoma mafuta kwenda kuwatafuta. Ila hawa si wale wa kijivu wanaopekua mapipa ya taka hapa Hässelby. Hawa Waswidi huwaita råka. Ni weusi tii, manyoya ya mapajani yamelegea kama kaptura, na aliyekomaa ana ngozi tupu, nyeupe, pale mdomo unapoanzia. Ukiuona uso huo huwezi kukosea.

Okello ndiye aliyenifundisha haya yote. Ni Mganda, dereva wa basi, rafiki yangu wa miaka mingi.

Tuliwakuta kwenye shamba lililolimwa, njia ya kwenda Enköping, wakichimbua minyoo. Mmoja alisogea karibu kabisa na gari, uso kama umepakwa chokaa.

"Huyu bado mdogo, ndugu yangu," Okello akasema. "Uso wake ungali mweusi."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama. Alikuwa amekaza macho mpaka paji la uso limejikunja.

Hapo nikakumbuka taa nyekundu aliyoipita asubuhi, nami nikacheka tu. Na kesho alfajiri ana zamu, basi zima la watu nyuma yake.

Niliogopa kusema. Ukimwambia dereva kwamba haoni, umemgusa ugali wake. Mwishowe nikanyoosha mkono, nikaomba funguo. Akazichomoa, akaniwekea kiganjani.

Alikuwa anajua.

Njiani nilimwambia wazi: asipopiga simu kazini kabla ya zamu, nitapiga mimi. Alininunia hadi kwao Norsborg, na mimi nilijiona msaliti. Nilipoegesha gari mbele ya jengo lao, akasema atapiga, kisha atakwenda kupima macho. Alifungua mlango, akasita.

"Yule ndege. Uso ulikuwa mweupe?"

"Mweupe kabisa."

Akaitikia kwa kichwa, akashuka. Funguo akaniachia.

Gari nimeliacha pale, nimerudi na treni; funguo zimo mfukoni mwa koti. Nimetega kengele ya alfajiri. Namba ya kazini kwake ninayo.

Mungu wangu, naomba apige yeye.