Fungu la Paka

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila maabara ina baridi kama friji lako la zamani. Tofauti ni kwamba hii haizimiki.

Nina ombi. Tunachunguza chembe za plastiki ndani ya samaki, nami nimeomba samaki wa meza yako ya sokoni wawemo. Ndio walionilea. Nitumie matumbo yao kwenye barafu. Bado nakusikia ukinijazia lile bakuli la bati, fungu la paka wako: "Minofu ya wateja, matumbo ya wenyewe."

Paka wako

14 Machi

Paka wangu,

Marahaba. Goti linalalamika, mimi silisikilizi. Mzigo nimempa dereva wa basi. Matumbo nimeyapasua, nikayasugua kwa chumvi na ndimu mpaka yakawa meupe. Siwezi kukuaibisha kwa wakubwa zako na uchafu.

Baba

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Mzigo umefika. Nimecheka mpaka machozi, halafu yakabaki machozi matupu. Baba, ule uchafu ndio niliouhitaji!

Kwa hadubini matumbo hayakufaa tena, basi nikayakaanga. Nimeyala yote nimesimama jikoni, nikilamba vidole, kama vile unanisubiri nikurudishie bakuli.

Safari hii tuma samaki wazima. Usiwapasue. Najua mkono utakuwasha.

Paka wako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Nilirudia kazi yote upya, nikiomba niwe nimekosea.

Karibu kila samaki wako ana nyuzi za plastiki tumboni, nyembamba kuliko unywele. Utumbo umevimba, ndani umechubuka. Samaki anajiona ameshiba, kumbe anakonda. Minofu endelea kuuza, nyingi ya nyuzi hizo hubaki tumboni. Lakini lile fungu usile tena, Baba. Wala usiniwekee.

Paka wako

11 Juni

Paka wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena.

Leo nimepasua samaki mnene, wa kukutoa udenda. Mkono ukaenda wenyewe kwenye bakuli. Nikauzuia. Paka wa sokoni akaanza kulia, nikamwambia, "Nyamaza, hata mwenzio kakatazwa."

Bakuli nimelikausha, nimelifungia kabatini.

Ukija likizo nitakukatia mnofu, kama mteja. Usinune. Hata mimi sijazoea.

Baba