Kitanda Kilichobaki Pale Ulipokiacha

Mama,

Mama Fridah wa mlango wa pili alikuja tena jana kuuliza kuhusu kitanda chako. Baba yake ameanza kulala akiwa ameketi kwenye kiti, shingo imeinama, kama ulivyokuwa ukilala wewe kabla sijakitengeneza. Nilimwambia aje Jumamosi na watu wawili wa kubeba. Ningesema nini? Tangu nimjibu sipati raha ndani ya nyumba hii, na sina mwingine wa kumwambia ila wewe.

Wazo lenyewe lilitoka kwako. Daktari alisema moyo umechoka, usilale chali, maji yatapanda kifuani. Ukanisimulia yule bibi wa Lavington uliyemfanyia kazi miaka mingi, aliyekuwa na kitanda cha kuinuka kwa umeme. "Mimi ndio nilikuwa nabonyeza," ukasema. "Nabonyeza, bibi anakuja juu pole pole, ananisalimia kama hajaniona mwaka mzima." Kisha ukaongeza, "Na mimi sijawahi kulala hapo hata dakika moja."

Kesho yake nilienda River Road, kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Unajua mimi si fundi; shule niliishia kidato cha nne, na mambo ya umeme nimejifunza kwa kutazama video kwenye simu. Muuzaji akaniuliza, "Buda, unainua nini? Geti?"

"Mama yangu."

Akairudisha kwenye rafu ile mota aliyokuwa ameishika. "Hiyo ni ya haraka. Mama mpe hii. Inaenda mos mos lakini haichoki."

Nikanunua mbili, vyuma virefu kama pampu ya baiskeli, kila kimoja na fimbo inayotoka ukipeleka umeme na kurudi ndani ukizigeuza nyaya.

Nilizifunga chini ya mgongo wa kitanda chako, hapa hapa sakafuni nyumbani kwetu Satellite, wewe umeketi ukinikatia selotepu nyeusi kwa meno na kubandika vipande kwenye ukingo wa kiti. Nilikueleza kila hatua kana kwamba ungefanya mtihani. Nyaya za mota zinaingia kwenye pini za katikati za swichi. Za betri zinaingia upande mmoja, kisha unazivusha kwenda upande wa pili, nyekundu mahali pa nyeusi na nyeusi mahali pa nyekundu. Ndiyo maana ukibonyeza juu inapanda, ukibonyeza chini inashuka. Fyuzi inakaa karibu na betri. Niliweka alama kwenye kila waya, nikachora kwa penseli kila mahali pa kutoboa.

"Wewe na alama zako," ukasema. "Ungekuwa daktari ungeniandika mpaka kwenye paji la uso."

Nilitaka kukijaribu kwanza kwa gunia la viazi. Ukakataa. "Mimi si viazi, baba." Uliniita baba tangu utotoni kwa sababu nilipewa jina la baba yako. Ukapanda, nikabonyeza. Upande wa kulia ukainuka, wa kushoto ukabaki chini, nawe ukabingirika taratibu hadi ukutani. Pamoja na alama zangu zote, nilikuwa nimeunganisha mota moja kinyume. Nikadhani nimekuua. Kisha nikasikia sauti kutoka ukutani: "Umenigeuza kama chapati!" Ulicheka mpaka ukakohoa, ukakohoa mpaka nikaogopa, kisha ukacheka tena.

Nilipozigeuza nyaya mbili, kikakuinua sawasawa. Ukauliza swali moja tu.

"Na stima ikipotea, si itaniangusha?"

"Haikuangushi, mama. Inabaki pale pale mpaka mtu abonyeze."

Jibu hilo lilikupendeza kuliko kitanda chenyewe. Ulimwambia kila mgeni, hata mchungaji: "Hii haianguki. Inangoja mtu."

Asubuhi ulipoondoka, mgongo wa kitanda ulikuwa juu nawe umeuegemea, uso umeelekea dirishani. Nilidhani unatazama nguo kwenye kamba. Nikakuuliza kama zimekauka.

Tulikupeleka nyumbani Vihiga, tukakuzika, nikarudi peke yangu. Kitanda kilikuwa pale pale. Nimekuwa nikifagia nikikizunguka. Kila siku nafungua shajara yangu, naandika tarehe, nakosa la kuandika chini yake, naifunga. Watu wanasema nitazoea. Sioni dalili. Naona siku zinafanana tu, na sioni ni kwa ajili ya nani naamka.

Lakini kikiwa kimeinuka, kitanda hakipiti mlangoni. Kwa hiyo leo, baada ya chai, nilibonyeza chini. Mota zikaunguruma kwa ile sauti uliyokuwa ukiiita paka wako. Kikashuka kiasi cha kiganja, nikaachia. Sikuweza. Nikabonyeza juu ili nikirudishe ulipokiacha. Kikapanda kupita hapo. Nikashusha kidogo, nikapandisha kidogo, nikaegemea mwenyewe nione kama ndipo ulipokuwa ukiliona dirisha. Sijui, mama. Niliweka alama kwenye kila waya na kila tundu la kitanda hicho, na mahali ulipokiacha sikuweka. Mahali hapo pamepotea, na aliyepapoteza ni mimi, kwa kidole kimoja.

Halafu nikakishusha chote, mpaka kikafika mwisho. Sasa kimelala, kinafanana na kitanda cha mtu yeyote.

Jumamosi watakibeba. Nitamwonyesha Mama Fridah swichi na fyuzi, na nitamwambia kwamba stima ikipotea baba yake hataanguka. Hayo nitaweza kuyasema.

Pumzika, mama. Usingoje nikuambie kwamba niko sawa.

Ni mimi,
mwanao uliyemwita baba