Moto wa Ukumbi wa Wafanyakazi na Spika Mbili za Besi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Arusha
Tarehe: 16 Julai 1991
Jina: Gidamis Margwe
Umri: Miaka 66, kwa kukadiria
Kazi: Mfugaji, zamani mtunza vipaza sauti vya mnada wa ng'ombe
Makazi: Mogitu, nyumbani kwa Nicodemo Basili

Nilihamishwa uwandani shamba la ngano lilipofunguliwa. Tangu wakati huo nimehamahama, na sasa naishi kwa hisani ya Nicodemo, fundi wa makombaini, mashine za kuvunia ngano, wa shamba hilo, aliyenipa chumba uani kwake.

Mnamo tarehe 14 Julai 1991, siku ya Jumapili, saa nane mchana, nilikuwa katika ukumbi wa wafanyakazi wa shamba. Palikuwa na onyesho la video. Nicodemo alikuwa ameleta spika mbili kubwa za besi, akaniita nimsomee maandishi ya Kiingereza nyuma ya amplifaya. Yalisema mzigo wa spika usipungue omu nne, yaani kipimo cha kuzuia umeme; omu zikipungua, umeme unazidi. Kila spika ilikuwa ya omu nne. Nilimwambia akiziunga sambamba zitakuwa omu mbili, na amplifaya itapitisha umeme mwingi kuliko uwezo wake. Aziunge mfululizo, zitakuwa nane.

Akacheka. "Mzee, makombaini nayawasha na nini asubuhi za baridi? Betri mbili, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, nguvu inaongezeka. Leo spika zimekuwa kondoo, zikiwa mbili zinadhoofika?"

Mtu mmoja akasema mnada umehamia ukumbini. Wakacheka wote. Nikakaa.

Baada ya muda fyuzi ilikatika. Nicodemo akafunga uzi wa waya mahali pake, besi ikarudi, sakafu ikatetemeka. Nikasikia harufu ya vanishi inayoungua. Nikasema, "Nicodemo, zima." Akajibu, "Mzee, picha imefika patamu."

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia ya ngano ili kupata giza. Moshi ulitoka nyuma ya amplifaya, kisha moto, ukashika gunia lililokuwa karibu. Watu walikimbia, nikaangushwa. Bura, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa nje akipitisha ng'ombe. Yeye ndiye aliyeling'oa lile gunia likiwa linawaka, akaingiza mkono dirishani, akanivuta nje. Walinzi wa shamba walipofika walimkuta gunia liko mkononi. Walisema amechoma ukumbi kwa sababu umejengwa palipokuwa na zizi la babu yake.

Ni kweli zizi lilikuwa hapo. Lilikuwa la baba yangu, na nililala humo na ndama nilipokuwa mtoto. Si kweli kwamba Bura alichoma. Hakukanyaga ndani.

Wengine waliokuwemo ni wafanyakazi wenzake Nicodemo. Sijui watasema nini. Bura yuko mahabusu hapa. Nimemsikia akikohoa wakati naandikisha.

Jana, wakati wa kukamua, Nicodemo alikuja mlangoni kwangu. Aliniamkia shikamoo kama siku zote. Akasema, "Mzee, Bura hana mke wala mtoto. Mimi nina sita. Kesho useme ulikuwa umesinzia."

Nilimwuliza kama ananitisha.

Akasema, "Nakutishaje, mzee, na wewe unalala kwangu?"

Tangu hapo sijaweza kula.

Leo amenileta mwenyewe kwa trekta. Amekaa kwenye benchi hapo nje, na ukuta huu ni wa mbao. Ndiyo maana nimesema kwa sauti ndogo. Naomba afande asinisomee, nitajisomea mwenyewe.

Niliyoandikisha nimeyaona kwa macho yangu, na nitayarudia mbele ya hakimu nikiitwa.

Sahihi ya shahidi: G. Margwe

Maelezo ya askari: Yameandikwa na mimi, Koplo Xavery Hhando. Shahidi amejisomea kimya, hakubadilisha neno, ametia sahihi mbele yangu. Aliuliza kama kuna mlango mwingine wa kutokea. Nilimjibu kwamba kituo kina mlango mmoja.