Inhela Moja, Vifua Viwili

Mpendwa Shangazi Chelo,

Nisaidie, maana nakuandikia nikiwa nimejifungia ndani ya gari hapa hapa Fresno, nyumbani siwezi kushika kalamu bila kuulizwa. Nina pumu tangu utotoni, na msimu huu wa kuvuna lozi, vumbi likitoka mashambani hadi vitandani, bila inhela, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, siwezi hata kuinua sufuria pale jikoni shuleni ninapopika. Bima tunayo, ya kazini kwa mume wangu Octavio, lakini haitoi hata senti mpaka kwanza tutoe wenyewe dola elfu nne, na mwaka jana mfamasia aliponitajia bei ya inhela moja nilimwambia nimesahau pochi garini, nikaenda zangu, nikamdanganya Octavio kwamba kifua kimepona.

Aliyenigundua ni mama mkwe wangu, Doña Eulalia, tunayeishi naye. Yeye pia ana pumu, ila ni mzee na dawa zake hulipiwa na serikali. Alinisikia kifua kikipiga filimbi, akanitumbukizia inhela yake mfukoni, akasema, “Vuta, mwanangu. Mapafu hayasomi jina kwenye boksi.” Tangu siku hiyo tunatumia wawili, ikiisha anamwambia daktari imekwisha, na mimi nimenawiri mpaka Octavio anajisifu kwa wenzake kwamba ni chai yake ya majani ya oregano iliyoniponya.

Sasa daktari ameona mama anamaliza inhela kila wiki mbili, akasema pumu yake imezidi, akamwanzishia vidonge vikali, na mama wa watu mikono inatetemeka, sukari imepanda, usiku hapati usingizi, na anayempa vidonge hivyo kila asubuhi ni mimi. Nikimwambia tuseme ukweli ananijia juu: “Wanifutie kadi ya matibabu, na wewe urudi kupiga filimbi? Kunywa kahawa yako unyamaze.” Nikisema namwaibisha, nikinyamaza namuumiza. Nifanye nini?

Mkwe Mwenye Aibu

Mkwe wangu,

Jibu unalo tayari, unachotafuta ni mtu wa kukusukuma. Haya, nakusukuma.

Pole kwanza. Mtu anayefanya kazi na mwenye bima hakupaswa kumkimbia mfamasia, na aibu hiyo si yako peke yako. Nasoma barua kama yako kila mavuno. Lakini usijidanganye kwamba umekuwa ukipata dawa bure. Doña Eulalia anakulipia kwa sukari yake na usingizi wake, na wewe unamwangalia akilipa huku umeshika glasi ya maji.

Kesho kliniki ikifunguliwa saa mbili, wewe piga simu, usimwachie yeye. Sema hivi tu: “Inhela za Doña Eulalia zilikuwa zinatumiwa na watu wawili.” Daktari anataka kujua anatibu nini, hana haja ya kuwapeleka jela. Na asiache vidonge hivyo kwa amri yako wala yangu. Vingine vikikatwa ghafla vinadhuru, kwa hiyo daktari ndiye aseme vipunguzwe vipi. Mama akinuna, mwache anune, atanuna akiwa mzima.

Ukitoka hapo, shughulikia kifua chako. Zipo kliniki za jamii zinazotoza kwa kuangalia kipato, nenda na karatasi za mshahara wenu. Waambie pia umekuwa ukivuta inhela ya kutuliza peke yake, maana huenda unahitaji na ya kukinga. Kwa mfamasia uliza maswali matatu kabla hujasingizia pochi: bei bila bima ni ngapi, ipo ya aina nyingine iliyo nafuu, na je, mtengenezaji ana mpango wa kupunguza bei kwa watu kama wewe? Uliza kwa sauti. Wengi wanaondoka wamelipa nusu ya bei au chini ya hapo kwa sababu tu walifungua mdomo.

Octavio mwambie leo, kabla ya chakula, mama akiwepo. Atakasirika, na usidhani ni kwa ajili ya fedha. Amelala pembeni yako mwaka mzima akiamini unapumua, na watu wawili anaowapenda kuliko wote wakakubaliana asijue.

Shangazi Chelo