Waranti ya Gari la Mwaka 1949

Duluth, 3 Machi

Binti yangu Marlys,

Niwie radhi kwa kimya changu tangu Krismasi. Mimi ni mzima. Goti tu ndilo linalogombana na theluji. Natumaini wewe na watoto hamjambo huko Tucson. Ulilalamika kwamba kila unapopiga, simu yangu inatumika. Nilikuwa nikizungumza na wezi.

Hunipigia kila siku kuniuzia waranti bandia, yaani dhamana ya matengenezo, ya lile gari langu la mwaka 1949. Chama chetu cha magari ya kale kimeanzisha shindano: atakayemweka mwizi kwenye simu muda mrefu zaidi ndiye mshindi. Sharti ni moja, nami ndiye niliyelipendekeza: ni marufuku kusema uongo.

"Mzee, waranti ya gari lako inakaribia kwisha," aliniambia mmoja.

"Iliisha mwaka 1950, kijana."

"Limewahi kupata ajali?"

"Mara moja. Liligongana na ng'ombe, mwaka 1962."

Akauliza: "Ng'ombe alikuwa na bima?"

Dakika thelathini na moja.

Baba yako

Tucson, 14 Machi

Shikamoo Baba,

Sisi tu wazima. Goti ulipake dawa. Lakini Baba, mtu wa miaka themanini na mitatu anayepiga soga na wezi hafai kuishi peke yake. Tena Arvid, mwenzako wa chamani, ameniambia kwamba uliligonga sanduku la barua la jirani, ukadai halikuwapo. Nimepata mnunuzi wa gari, na chumba chako hapa kipo tayari. Uamuzi ni wako, ila uamue.

Binti yako

Duluth, 2 Aprili

Mwanangu Marlys,

Barua yako imefika, na goti linakusalimu. Arvid ana mdomo mpana.

Jana alinipigia mwizi mwanamke. Baada ya nusu saa ya maelezo yangu kuhusu kabureta ya gari, akanong'ona: "Mzee, najua unanichezea. Usikate, msimamizi amesimama nyuma yangu. Endelea na hiyo kabureta."

Nikaendelea. Kisha akauliza, "Na wewe mwenyewe, macho bado yanaona barabara?"

Sharti nililiweka mimi. Nilinyamaza dakika nne.

"Mzee, upo?"

"Nipo. Mabango ya barabarani siyasomi mpaka nimeshayapita."

"Pole, mzee. Haya, tulikuwa kwenye kabureta."

Jumla dakika sabini na mbili. Nimeshinda, ingawa Arvid anadai zile nne za kimya zisihesabiwe.

Alhamisi napimwa macho. Mnunuzi usimjibu kwanza. Nipimie upana wa gereji yako, kisha uniambie kama hujasahau kuendesha gari la gia za mkono. Nikishaamua, nitakuandikia.

Baba yako