Mahindi ya Juu ya Moto

Mbebe
Jumapili, 5 Oktoba 1952

Mama yangu,

Shikamoo. Kile kifua cha Agosti kimeniacha, sasa nakohoa nikicheka tu. Natumaini wewe na Baba hamjambo, na cherehani yake haijambo pia, maana ikiugua hiyo nyumba nzima huumwa kichwa. Mkweo Amoni ameandika kutoka migodi ya Nkana kwamba yu mzima na kazi ya shimoni inaendelea. Huku kiangazi kinaishia, milima imechomwa moto ikawa myeusi, na vumbi ni letu sote.

Sasa keti, Mama, maana nataka kujisifu. Wifi Ikupa kajifungua huko Kamsamba, mtoto wa kiume. Mama mkwe akaondoka Jumapili iliyopita mbio mbio, hata kitambaa cha kichwa kafungia njiani. Kwa hiyo wiki nzima mpishi nimekuwa mimi, mlaji mimi na baba mkwe. Wewe uliyesema siwezi kuchemsha maji bila kuyaunguza, soma.

Kwanza ujue namna ninavyompakulia. Mzee Gwakisa ni mzee wa kanisa, lakini desturi ya huku haijamtoka: mke wa mwanawe haonani naye uso kwa uso, wala hatusemezani. Naweka chakula kizingitini pake, napiga makofi mawili, nakimbia. Nikishafika jikoni ndipo namsikia akifungua mlango. Jumatatu nilimpa ugali wa ulezi na maharage. Jumanne viazi vitamu na maziwa ya mgando, chakula cha mvivu, nakiri, nilikuwa nimefua. Jumatano majani ya maboga yaliyokaushwa, nikayatia karanga, nikalamba mwiko kama mtoto.

Alhamisi ndipo palikuwa na kazi. Nilitaka kupika kande. Nikaenda kwenye kihenge, nikakuta mahindi yamejaa fukusi, ukishika punje inavunjika unga. Nikawamwagia kuku. Kurudi jikoni natazama juu ya moto, naona mahindi yamening'inizwa, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Nikapangusa moja. Mama, punje nene, safi, hazina hata tundu! Nikasema hawa watu wana mahindi kama haya halafu wanakula yenye wadudu? Nikayashusha. Alhamisi kande, Ijumaa na jana nikasaga, nikasonga ugali, mweupe kama wa Tunduma. Nimeyamaliza yote.

Alhamisi hiyo baba mkwe aliomba kabla ya kula, nilimsikia, sala ndefu kama ya msibani. Lakini alikula. Na Ijumaa alisema kwa sauti, akiwa amegeukia ukuta ili nisikie, kwamba chakula ni kizuri, Mungu ambariki aliyekipika. Umeona mwanao?

Barua nampa Danford anayeleta maharage sokoni huko.

Ni mimi mwanao mpishi,
Nesta


Tunduma
14 Oktoba 1952

Mwanangu Nesta,

Salamu zako zimefika. Baba yako mzima, mimi nilikuwa mzima mpaka nilipofika kwenye Alhamisi ya barua yako.

Nesta, umepika mbegu. Mahindi yanayotundikwa juu ya moto si chakula. Ni yale ambayo baba mkwe wako alipita shambani wakati wa mavuno akiyachagua shina kwa shina, na moshi ndio unaoyalinda na fukusi mpaka mvua ya Novemba. Hakuna mtu wa shambani anayeyagusa hata njaa ikibisha hodi. Umewapikia watu shamba lao la mwaka kesho, wakala, wakakushukuru.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikiwa nimeinama, kwa aibu, na humu ndani nilikuwa peke yangu. Aibu si yako tu. Mimi nimezaliwa Itaka, nimelala chini ya mahindi hayo utoto wangu wote. Nilipoolewa na fundi nikaapa kwamba binti yangu hatashika jembe, atakula unga wa kununua kwa debe, na nilijivuna nao mbele ya ndugu zangu. Kitu anachokijua mtoto wa miaka mitano wa huko sikukufundisha, kwa sababu sikutaka ujue nilikotoka. Nikakuoza Mbebe na mikono laini.

Sasa fanya hivi. Mama mkwe akirudi, kabla hajakaa, piga magoti useme. Usingoje akuulize. Usimwandikie Amoni kwanza akutetee. Sema mwenyewe.

Mama yako,
Tabita


Mbebe
Jumapili, 2 Novemba 1952

Mama,

Shikamoo. Sijui nikueleze hali gani. Mwili ni mzima.

Sikusema. Barua yako ilipofika mama mkwe alikuwa amesharudi siku nne. Alileta mchele wa Kamsamba, akasimulia joto la huko na mtoto alivyo na kichwa kikubwa, huku anacheka. Akaingia jikoni, akatazama juu. Mama, alitazama muda wa mtu kumeza mate. Kisha akachukua ufagio, akafagia. Mpaka leo hajataja neno. Kila asubuhi naamka nikisema leo, na kila jioni naona afadhali kesho. Angenigombeza ningelia, yakaisha.

Baba mkwe sasa anarudisha chakula nusu. Naweka sahani imejaa, narudi naikuta imegawanywa katikati kwa kijiko, upande mmoja haujaguswa. Nikaona ndiyo hivyo, amechukia mkono wangu. Nimejaribu kuongeza chumvi, nimejaribu kupunguza.

Kuna baya zaidi. Juzi kijitoni mama mmoja jirani, Mama Tuntufye, akanipa pole kwa ajili ya panya. Nikamwuliza panya gani. Akasema baba mkwe amepita kwa ndugu zake wote na kikapu, anaomba mbegu, anasema zake zimeliwa na panya. Wamempa punje za kufumba mkononi, kila mtu ana zake tu. Mzee yule, Mama, ambaye watu humwachia funguo za kanisa. Amedanganya kwa ajili yangu.

Na Jumapili iliyopita ilikuwa meza ya Bwana. Yeye ndiye huwa anashika kikombe. Hakusimama. Alibaki kwenye benchi akitazama miguu yake, kanisa zima linamwona. Sasa wapo wanaosema amerudia pombe, na wapo wanaosema ana mwanamke ng'ambo ya mto. Wazee wenzake wanataka kumwita wamhoji. Mimi najua kwa nini hakusimama, na niliimba wimbo wa mwisho pamoja na watu kama sijui.

Mama, niruhusu nirudi Tunduma. Mwambie Baba naumwa. Siwezi kula chakula cha watu hawa tena.

Mwanao,
Nesta


Tunduma
9 Novemba 1952

Nesta,

Hatujambo. Ukija nitakufungulia mlango, nimekuzaa. Lakini baba wa watu ataachwa na jina la mlevi na mzinzi kwa sababu yako, nami sitajua nikutazame vipi mezani.

Nilikwenda Itaka. Miaka tisa sijakanyaga pale. Dada yangu Fides nilipata kumwambia mbele ya watu kwamba nyumba yake inanuka moshi, nawe hukuyajua hayo. Nilikaa kwenye kigoda chake nikamwambia shida yetu yote. Hakuniuliza kitu. Alikwea akafungua mahindi ya juu ya moto wake mwenyewe, nusu kwa nusu, akanitilia kwenye gunia. Nilishika mdomo wa gunia, akaufunga.

Mbegu ziko hapa chini ya kitanda. Lori lilikuwapo jana na ningeweza kukuletea. Sikukuletea, maana najua ungezitundika kimya kimya ukanyamaza. Sema kwanza. Mvua haitakungoja.

Mama yako


Mbebe
Jumatatu, 24 Novemba 1952

Mama,

Shikamoo, na shikamoo kwa Baba. Mvua imenyesha mara mbili, ardhi inanukia. Mimi mzima.

Nimesema. Barua yako niliipokea Jumatano, Alhamisi asubuhi nikamkuta mama mkwe anasaga ulezi, nikapiga magoti pale pale kwenye unga. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakapotea yote. Nikasema tu mbegu nilizipika mimi, sikujua ni mbegu. Akaacha kusaga. Akaniuliza sikujua vipi. Nikamweleza unga wa debe, nikamweleza Tunduma. Akashika kichwa kwa mikono miwili yenye unga, akasema alijua tangu siku ile aliporudi, ila mumewe amemkataza asinifunulie kinywa. Akanishika mkono mpaka nje ya nyumba ya baba mkwe, yeye akasimama mlangoni, mimi nyuma ya ukuta wa matete. Akamwambia mtoto amekuja kusema.

Mzee akasema, "Mwulize kama alikuwa anashiba."

Mama mkwe akageuka akanirudia neno hilo, ingawa nimelisikia wazi. Sikuelewa. Ndipo akanieleza. Huku, Mama, hakuna mwanamke anayeshusha mbegu ila njaa imemshinda. Mzee alipoiona ile kande kizingitini alidhani mkewe ameniacha bila chakula, na mimi nimeona haya kuomba. Alikula ili nisijue kwamba amejua. Ile nusu ya sahani alikuwa ananibakizia mimi. Mwezi mzima mwenye nyumba analala njaa, anadhani ananilisha, nami ile nusu nawatupia kuku.

Nikasema, "Mwambie nilishiba kila siku. Mwambie sikujua."

Nikamsikia anapenga kamasi. Akasema, "Mwambie na mimi sikujua."

Ningetaka barua iishie hapo, lakini kuna jana. Baba mkwe alimwomba mchungaji nafasi kabla ya tangazo la mwisho. Akasimama, akasema mbegu zake hazikuliwa na panya, alidanganya ndugu zake, ndiyo maana hakustahili meza, na kama wanataka kumvua uzee wamvue. Mmoja akauliza, sasa zimeliwa na nani? Mzee akanyamaza. Akaulizwa tena. Akanyamaza, anatazama miguu yake kama siku ile. Na mimi niko benchi la wanawake, masikio yanawaka moto. Nilijiona nimesimama, sijui nani alinisimamisha. Nikasema, "Panya ni mimi."

Wengine walicheka, Mama. Si kwa ubaya wote, lakini walicheka, na nilitoka nikitazama visigino vya aliye mbele yangu. Mzee amesimamishwa uzee mpaka Pasaka. Hilo sikuweza kulizuia, na linaniuma kuliko kicheko. Leo kijitoni wameniita Panya, nikaitika.

Baba mkwe amesema mvua ya tatu ikinyesha atapanda alichonacho. Mama mkwe amenipa jembe, la kwake la zamani, na kiganja kimeshatoka lengelenge. Nimewaambia habari za mbegu zako. Mama mkwe anasema zisije na dereva. Anasema mwenye mbegu azilete mwenyewe.

Mwanao,
Nesta


Tunduma
29 Novemba 1952

Nesta mwanangu,

Tumeisoma barua mimi na Baba yako. Alisimamisha cherehani mpaka nikamaliza, kisha akatoka nje.

Nakuja Jumanne kwa lori, gunia nitalibeba mwenyewe kutoka barabarani. Waambie wasichinje kuku. Nitakaaje nile kuku wao?

Wewe umeshasema lako. Langu bado. Nataka kumwambia mama mkwe wako kwamba aliyekuficha jembe ni mimi, na kwamba nilikuwa naona haya kuwa mtu kama yeye. Tangu juzi nalitafuta neno la kuanzia silipati. Wewe ulianzaje? Mimi ni mtu mzima, nimekufokea kwa barua ukiwa mbali, lakini kwenye mlango ule nitatetemeka. Unisubiri njiani, Nesta. Usiniache niingie peke yangu.

Mama yako