Humu Mna Kosa Moja

Dar es Salaam
3 Mei 2004

Baba, shikamoo. Natumaini hamjambo, na kifua cha mama kimepata nafuu. Mimi mzima.

Biashara yetu imeshika kasi. Wanafunzi wa takwimu sasa wamefika kumi na mmoja, wote wa mwaka wa kwanza. Wanachojua ni kwamba anayewafundisha kwa kompyuta ni Mwalimu wa Sumbawanga, basi. Wengine wanadhani ni profesa, nami sijakanusha.

Nimeambatanisha maswali matano uyafanye, nami nitawauzia nakala za majibu. Ila baba, ule mchezo wako wa kuweka kosa kwenye kila karatasi uache. Huku watu wanataka majibu.

Mwanao,
Valeria

Sumbawanga
6 Mei 2004

Mwanangu, marahaba. Mama yako hajambo, anapura maharage huku akinisema kwamba tangu nistaafu nashinda kwa Flavian mwenye intaneti kuliko shambani. Ni kweli. Jana umeme ulikatika, tukakaa mimi na Flavian tukiitazama kompyuta kama wafiwa. Leo ameskani kurasa zote za majibu nilizokuandikia.

Kosa siachi. Nimefundisha hesabu hivyo miaka thelathini na moja, tangu nilipoanzia Namanyere. Anayelitafuta kosa hujifunza. Anayenakili hubeba na kosa lenyewe. Ndiyo maana juu ya kila karatasi nimeandika kwa wino mwekundu: "Humu mna kosa moja. Litafute." Hakikisha wanauona mstari huo.

Baba yako

Dar es Salaam
29 Mei 2004

Baba, shikamoo. Unisamehe kwa kimya hiki. Mwili ni mzima, moyo hapana.

Mhadhiri ameona wanafunzi kumi na mmoja, swali la nne, wote wamegawanya kwa tisa badala ya nane. Walipobanwa wakanitaja. Ijumaa, tarehe 4, naitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo. Naweza kufukuzwa, baba, na nimebakiza mwezi mmoja kumaliza. Wao pia wanaweza kufukuzwa kwa kunakiliana.

Nakuomba uiandikie kamati kwamba umezeeka, ulipitiwa, na hukuandika onyo lolote. Wewe hawana la kukufanya. Mimi wananimaliza.

Mwanao,
Valeria

Sumbawanga
31 Mei 2004

Valeria,

Leo salamu zisubiri. Mstari mwekundu ulikwenda wapi?

Baba yako

Dar es Salaam
1 Juni 2004

Baba, shikamoo.

Niliukata kwa mkasi kabla ya kutoa fotokopi. Niliona hakuna atakayelipia kitu akiambiwa kina kosa. Nilidhani nitalitafuta mwenyewe nilisahihishe, nikawa na mitihani yangu, nikasahau. Naona aibu. Lakini Ijumaa inafika, na sina mwingine wa kumwomba.

Mwanao

Sumbawanga
2 Juni 2004

Mwanangu, marahaba. Mama yako sijamweleza, ila ameona sili.

Nimekukasirikia, na nakupenda, na sijui lipi kati ya hayo limeninyima usingizi. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Mtego nilitega mimi, ukaingia wewe na watoto wa watu.

Barua ya kamati nimeiambatanisha. Nimeiandika kwa mkono wangu kama ulivyotaka, na nimesaini. Itoe kwenye karatasi uwapelekee.

Humo mna kosa moja. Litafute.

Baba yako

Dar es Salaam
5 Juni 2004

Baba, shikamoo. Poleni na baridi ya huko.

Kosa nililiona papo hapo: "Sikuandika onyo lolote." Nilikaa nalo siku nzima, nikijaribu kutoliona. Ijumaa asubuhi nilinunua kalamu nyekundu, nikaikata sentensi hiyo, na juu yake nikaandika: "Aliandika. Nililikata mimi, Valeria." Nikaipeleka.

Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akauliza wino mwekundu ni wa nani. Nikasema ni wangu.

Wale kumi na mmoja watarudia kazi. Mimi nimesimamishwa mwaka mmoja. Tiketi nimeshakata, Jumatatu nitakuwa nyumbani.

Mama usimweleze. Nitamweleza mwenyewe.

Mwanao,
Valeria